Kipimo cha damu cha saratani ya matiti kianze na mwenye uvimbe

Damu ikitolewa asubuhi kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau na kuachwa mezani hadi alasiri, hujitenga yenyewe. Chembe nyekundu huzama, na juu hubaki majimaji ya manjano hafifu ambayo wataalamu huyaita plazma. Mhudumu wa maabara mwenye jicho zuri huitazama rangi hiyo kwanza. Yakiwa ya manjano, mambo ni salama. Yakianza kuelekea wekundu, hata kidogo tu kama maji yaliyooshewa nyama, basi chembe nyekundu zimepasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake. Katika vipimo vingi hilo ni kero ya kawaida, mgonjwa huitwa akatolewa damu upya. Katika kipimo ninachokijadili hapa, wekundu huo unaweza kugeuza jibu zima.

Ni kipimo cha kusaka mikroRNA, yaani vipande vidogo mno vya RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye jeni), ndani ya damu ya mwanamke ili kujua kama ana saratani ya matiti. Tangu Oktoba 2024, Victor Ambros na Gary Ruvkun walipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kuvigundua vipande hivyo, habari zake zimetufikia Kampala mara kwa mara, na kila zikifika huwa zimefupishwa hadi ahadi moja: tone la damu litaiona saratani kabla uvimbe haujaonekana. Sayansi yenyewe naiamini. Ninachopinga ni mahali tunapotaka kuianzia.

Tuielewe kwanza. Mwaka 1993 makundi ya watafiti hao wawili yalikuwa yakimchunguza mnyoo mwenye urefu wa milimita moja hivi, C. elegans. Walikuta jeni moja, lin-4, ambayo haitengenezi protini yoyote. Inatengeneza kipande kifupi cha RNA chenye herufi 22 hivi, na kipande hicho kinakwenda kuizuia jeni nyingine isitengeneze protini yake. Kwenye jiko la shughuli ya harusi kila sufuria ina mpishi wake, lakini yuko mama mmoja anayezunguka akisema hapa chumvi imetosha, pale moto upunguzwe. Yeye hapiki chochote, lakini akikosea, chakula chote kinaharibika. MikroRNA ndiye mama huyo. Kwa miaka saba wengi walidhani ni mambo ya minyoo tu, mpaka mwaka 2000 ilipopatikana nyingine, let-7, ambayo wanyama wengi wanayo, na sisi wanadamu tumo. Leo zinazojulikana kwa binadamu zinazidi elfu moja.

Saratani huanza seli zinapoacha kusikia amri ya kuacha kugawanyika, kwa hiyo haikushangaza kukuta kwamba mikroRNA zimevurugika ndani ya uvimbe. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba tishu ya titi lenye saratani ina mpangilio wa mikroRNA tofauti na wa titi zima. Kilichoshangaza kilikuja mwaka 2008. RNA kwa kawaida haidumu kwenye damu, kwa sababu damu imejaa vimeng'enya vinavyoikatakata. Lakini mikroRNA zilikutwa zikielea humo bila kuguswa, baadhi zikiwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta vinavyotoka kwenye seli, nyingine zikiwa zimeng'ang'aniwa na protini iitwayo Argonaute 2. Watafiti wa Marekani waliiacha plazma kwenye joto la chumba kwa saa 24, wakaigandisha na kuiyeyusha mara nane, na mikroRNA zikabaki vilevile.

Kwa sisi tunaoishi na umeme unaokatika na barabara ndefu za murramu, sifa hiyo inavutia mno. Ndiyo maana wengi wetu tuliisoma tukaona jibu letu limekuja. Lakini hapo kuna mtego, na kwa maoni yangu ndio unaopaswa kujadiliwa kabla ya yote: molekuli inavumilia, damu haivumilii. Wakati mikroRNA zilizotoka kwenye uvimbe zimekaa salama katika chupa yetu pale mezani, chembe nyekundu zinapasuka na kumwaga mikroRNA zao wenyewe, chungu nzima. Mwaka 2012 watafiti walizipitia mikroRNA 79 zilizokuwa zimetajwa kama viashiria vya saratani mbalimbali katika damu, wakakuta 46 kati yake zimejaa ndani ya seli za damu zenyewe. Maana yake ni kwamba baadhi ya tofauti zilizoripotiwa kati ya mgonjwa na mzima huenda zilihusu namna damu ilivyotolewa na kusafirishwa, au wingi wa chembe zake, wala hazikuhusu titi.

Chukua miR-16. Ili kupima mikroRNA yoyote, maabara huhitaji nyingine ya kulinganishia, inayoaminika kuwa haipandi wala kushuka. Tafiti nyingi za mwanzo ziliichagua miR-16. Bahati mbaya ni miongoni mwa zile zinazojaa ndani ya chembe nyekundu, pamoja na miR-451. Chembe zikipasuka, miR-16 inapanda, na kila kinacholinganishwa nayo kinaonekana kimeshuka. Ni sawa na kupima mahindi sokoni kwa jiwe la mizani linaloongezeka uzito mvua ikinyesha. Chagua chupa ya kifuniko cha kijani yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, badala ya ile ya zambarau, na mashine ya PCR, inayozidisha nakala za vipande hivyo ili vihesabike, itazuiwa kusoma sawasawa. Chelewa kuizungusha damu kwenye mashine ya kutenganisha zaidi ya saa mbili hivi, na tayari unapima kitu kingine.

Hii inaeleza kwa nini majibu ya tafiti hayapatani. Mwaka 2010 kundi la Galway, Ireland, liliripoti kwamba miR-195 imepanda katika damu ya wanawake wenye saratani ya matiti na kwamba ilishuka baada ya upasuaji. Ilikuwa habari nzuri, kwani kitu kinachoshuka uvimbe ukiondolewa kina uhusiano na uvimbe. Wengine walipoipima baadaye kwenye seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, wapo walioikuta imepungua. Nayo miR-21, inayotajwa kuliko zote, hupanda katika saratani ya matiti, na hupanda pia katika saratani nyingine kadhaa na katika magonjwa yasiyo saratani yanayowasha na kuvimbisha mwili kwa ndani. Ndiyo maana tafiti za karibuni huchanganya kadhaa kwa pamoja. Kundi moja la Japani mwaka 2016 lilitumia tano na kupata matokeo ya kutia moyo sana. Lakini walizichagua na kuzijaribu kwa damu ya Wajapani.

Sasa tuje kwetu, kwenye damu ya Uganda. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye malaria nyingi zaidi duniani, na kimelea cha malaria kazi yake ni kupasua chembe nyekundu. Huo wekundu wa plazma ninaousema unaweza kuanzia mwilini, kabla sindano haijaingia mshipani. Kuna VVU, wanaoishi navyo ni wengi na kinga yao iko katika hali tofauti. Kuna selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwapima karibu watoto wachanga 100,000 wa nchi nzima na kukuta asilimia 13.3 wamebeba jeni yake. Wanawake wanaougua saratani ya matiti kwetu wengi ni vijana kuliko wa Ulaya, wengi wao wako katika miaka ya arobaini, na aina ya saratani isiyo na vipokezi vitatu vinavyolengwa na dawa inajitokeza zaidi. Kipimo kilichosahihishwa kwa damu ya mwanamke wa miaka 62 wa Ulaya, ambaye hajawahi kuugua malaria, kikiletwa Lira au Kasese kilivyo, kitatoa namba. Hakuna atakayejua namba hiyo inasema nini.

Hilo ni tatizo la maabara, na matatizo ya maabara hutatuliwa kwa bidii na fedha. Linalonisumbua zaidi ni la pili, nalo halitatuliwi kwa mashine.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kipimo kimekamilika, kinagundua wagonjwa 90 katika kila 100, na kinawaachia huru wazima 90 katika kila 100. Kwa kipimo cha damu hizo ni alama za juu. Tuwaite wanawake 10,000 wasio na dalili yoyote, na tuseme kumi kati yao wana saratani. Kipimo kitawapata tisa na kumkosa mmoja. Lakini kati ya wale 9,990 wazima, kitawaambia 999 kwamba huenda wana saratani. Kwa hiyo wanawake 1,008 wanatoka wakiwa na karatasi ya hofu mkononi, na tisa tu ndio wagonjwa. Hao 999 wataenda wapi? Watahitaji ultrasaundi, mamografia (eksirei ya titi) na wengine kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha titi cha kuchunguzwa. Watajipanga foleni ileile wanayosubiri wagonjwa wa kweli. Nyumbani wapo waume watakaosikia neno kansa tu. Wapo watakaouza ng'ombe.

Sasa chukua kipimo hichohicho, bila kukiboresha hata kidogo, ukipeleke kwa wanawake 1,000 ambao wameshika uvimbe kwenye titi, na tuseme 100 kati yao ni saratani. Kitawapata 90. Kitawatisha wazima 90. Hapo mtu akiambiwa kipimo kimeonyesha saratani, uwezekano wa kuwa kweli ni nusu kwa nusu, na hiyo ni sababu tosha ya kumpitisha mbele ya foleni ya ultrasaundi leo hii badala ya kumpa tarehe ya mwezi ujao. Kumi watakosewa, na kwa hiyo asiyeonyesha kitu bado lazima arudi na kuchunguzwa. Jibu zuri la damu lisiwe ruhusa ya kumfukuza mtu mwenye uvimbe. Kilichobadilika ni mtu anayeulizwa, na jibu limepata thamani mara hamsini na zaidi.

Ulaya imekwishaonja haraka ya aina hiyo. Februari 2019 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, ilitangaza mbele ya waandishi wa habari kipimo cha damu cha saratani ya matiti, gazeti kubwa la nchi likakiweka ukurasa wa kwanza kama maajabu, ilhali takwimu zake hazikuwa zimechapishwa ili wenzao wazikague. Mashirika ya madaktari wa Ujerumani yalilipinga tangazo hilo hadharani, na uchunguzi ukafuata. Nchi ile ina mashine za mamografia hadi kwenye magari yanayozunguka. Kwetu, tangazo la namna hiyo lingemfikia mwanamke asiye na pa kwenda kulithibitisha.

Mama yangu mdogo anaishi Bombo. Alishika uvimbe mwenyewe, akiwa anaoga. Hakuhitaji mashine wala tone la damu kujua kwamba kuna kitu. Zahanati ya kwanza walimwambia ni maziwa yameganda, ingawa mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka tisa, wakampa vidonge vya kuua vijidudu. Ya pili walimpa vidonge vilevile kwa jina jingine. Shoga yake akampeleka kwa mganga wa majani kule barabara ya Luweero. Ilipita miezi minane kabla hajapanda mlima wa Mulago, kwenye hospitali kuu ya rufaa, na kufikia hapo ngozi ya titi ilikuwa imeanza kuvutika. Nilipomsimulia habari za mikroRNA, kwa shauku yangu yote, alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza: «Sasa hiyo damu ingeniambia nini ambacho sikuwa nakijua?»

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta tangu hapo, na makala hii imetokana na swali lake.

Utafiti mkubwa uliowafuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wa nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu kiasi cha nusu tu walikuwa hai. Sehemu kubwa ya vifo hivyo inahusiana na kuchelewa kwa wale ambao tayari walikuwa na dalili. Shirika la Afya Duniani limeweka shabaha ya siku 60 tangu mwanamke afike kituoni na dalili hadi apate uthibitisho. Mama mdogo alitumia siku zaidi ya 240. Katika siku hizo alionana na wahudumu wa afya angalau mara mbili, na kila mmoja alibahatisha. Jibu ninaloweza kumpa leo ni hili: kipimo kisingemwambia yeye chochote kipya, lakini kingemwambia yule mhudumu wa zahanati ya kwanza. Kingemnyang'anya uhuru wa kubahatisha. Karatasi yenye matokeo ni vigumu kuifunika kwa vidonge, na inampa mgonjwa kitu cha kushika mkononi anaposema nataka rufaa.

Kwa kazi hiyo sisi si maskini kama tunavyojidhania. Zaidi ya miaka kumi sasa pikipiki hupita kwenye vituo vya afya vya Uganda zikikusanya sampuli na kuzipeleka kwenye vituo vya kukusanyia, kisha hadi Maabara Kuu za Afya ya Jamii pale Butabika. Mfumo huo ulikuzwa kwa ajili ya watoto waliozaliwa na akina mama wenye VVU: kisigino kinachomwa, matone yanadondoshewa kwenye karatasi maalumu, yanakaushwa, yanatiwa bahasha. Hazihitaji barafu. Na ule utafiti wa selimundu nilioutaja haukumchoma mtoto yeyote upya. Ulitumia karatasi zilezile zilizokuwa zimekusanywa kwa ajili ya VVU. Huo ni ubunifu uliofanyika Uganda, na tunapaswa kuutaja kwa fahari kila tunapozungumzia vipimo vipya.

MikroRNA hudumu pia katika damu iliyokaushwa kwenye karatasi. Shida yake ni kwamba tone zima lina chembe nyekundu zote ndani, na tumekwishaona zinavyofunika sauti ya uvimbe. Kwa hiyo swali la kitafiti linalotufaa sisi liko wazi, na sioni sababu lisiulizwe Makerere na Taasisi ya Saratani ya Uganda kabla ya kuulizwa Boston: ni mikroRNA zipi za saratani ya matiti ambazo chembe nyekundu hazina, zinazosomeka kwenye tone lililokauka, kwa mwanamke ambaye juzi alikuwa na malaria? Sina hakika kama zipo za kutosha. Ila nchi isiyo na mzigo wetu wa malaria haitakuwa na haraka ya kulijibu.

Taasisi yenyewe ina historia ya kuliweza jambo kama hili. Ilianza mwaka 1967 ikiwa kituo cha kutibu limfoma, saratani ya tezi za limfu, wakati Kampala ilikuwa mahali ambapo dunia ilijifunza kutibu limfoma ya Burkitt kwa dawa. Daftari la saratani la Kampala lilianzishwa miaka ya 1950, na ni kati ya makongwe zaidi barani Afrika. Lakini pia palepale Mulago mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika, na nyingine haikuanza kutumika hadi mwanzoni mwa 2018. Wanawake waliokwishagunduliwa, wenye majibu yote mkononi, walisubiri au walisafiri Nairobi kama walikuwa na uwezo. Natamani kila anayependekeza kipimo kipya aanze kwa kueleza nini kitafuata kikionyesha ugonjwa: nani atakata kinyama, mwanapatholojia gani atakisoma na kwa siku ngapi, dawa ziko wapi. Mashine za GeneXpert zilizosambazwa kwa ajili ya kifua kikuu tayari zina katriji inayosoma RNA ya kinyama cha titi na kuonyesha vipokezi vya saratani. Hiyo inahusu RNA kubwa, si hizi ndogo, na inahitaji kinyama, si damu. Ningeitanguliza hata hivyo, kwa sababu inafupisha foleni iliyopo.

Na kuna kazi nyingine ya mikroRNA ambayo haivutii magazeti, nayo naiona ndiyo ya karibu zaidi kuwezekana: kumfuatilia anayetibiwa. Hapo mgonjwa hulinganishwa na yeye mwenyewe. Umri wake, VVU vyake au kutokuwa navyo, vyote ni vilevile wiki hadi wiki, kwa hiyo zile kelele nyingi zinapungua, malaria na hesabu ya chembe zikiangaliwa kila safari. Kiwango kikishuka baada ya dawa, huenda dawa inafanya kazi. Kisiposhuka, daktari anajua mapema kwamba anaunguza mwili na fedha za mgonjwa bure.

Mama mdogo hurudi Mulago kila baada ya wiki tatu. Kabla ya kutundikiwa dawa hutolewa damu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau ili zihesabiwe chembe zake, kwa kuwa zikiwa chache mno hawezi kupewa dozi. Kuhesabu huko hutumia matone machache. Inayobaki hutupwa. Kwa kila mwanamke katika benchi lile ni hivyo hivyo, kabla ya kila dozi, na chupa hizo zikizungushwa ndani ya saa mbili na plazma kugandishwa, kwa idhini ya wenyewe na kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, zingekuwa hazina ya damu yetu wenyewe, yenye malaria yetu na umri wetu. Nilimuuliza kama angekubali yake itunzwe. Akafikiri kidogo, akasema angekubali, mradi wasimchome mara ya pili, na mradi siku wakipata jibu wamrudishie.